Umefuliza thawabu zako kwa komenti za mastaa?

Saa saba mchana, Eneo la Viwanda Thika. Watu wametoka getini, chapati na madondo viko mezani kibandani. Kabla ya tonge la kwanza, simu zishatoka. Staa fulani ameachwa, na kila mtu ana maoni. Simtaji jina, na hiyo ndiyo hoja yangu.

Mwaka jana niliandika komenti kuhusu ndoa ya mwimbaji mmoja, muda mfupi tu baada ya kuswali Adhuhuri. Ikapata laiki kama mia nne. Kusema kweli, niliona raha.

Wiki chache baadaye, grupu ya WhatsApp ya shifti yetu ikaletewa picha ya msichana wa kazini akishuka kwenye gari la bosi. Maneno yaliyofuata ni yaleyale tuliyozoea kuwaandikia mastaa, hata emoji zilezile. Baadaye tukasikia alikuwa mgonjwa, akipelekwa hospitali. Hakurudi kazini. Mimi sikuandika kitu, nilicheka tu, kana kwamba kuna tofauti.

Utaniambia staa amejianika mwenyewe. Hata mimi nilikuwa na jibu hilo. Lakini Mtume (SAW) alieleza kwamba kusengenya ni kumtaja ndugu yako kwa jambo asilolipenda. Likiwa kweli, umemsengenya. Likiwa uongo, umemzulia. Hakumtoa mwenye wafuasi milioni moja.

Na usidhani mushene ulianza na TikTok. Bibi Aisha, mke wa Mtume, alizuliwa baada ya kuachwa nyuma na msafara, na maneno yakazunguka Madina karibu mwezi mzima hadi aya za Surat An-Nur ziliposhuka kumtakasa. Aya hizo hazikuwakemea waliozua peke yao. Ziliwagusa pia waliosikia wakapitisha, wakidhani ni jambo dogo. Miongoni mwa waliopitisha alikuwemo Mistah, mtu aliyepigana vita vya Badr. Kama yeye aliteleza, wewe na bando lako la shilingi ishirini je?

Kuna Hadithi ya muflis, mtu anayekuja Siku ya Kiyama na swala na saumu zake, kumbe alitukana huyu na kumzulia yule, basi mema yake yanagawiwa wao. Sisi tunaijua hiyo: mshahara unaingia M-Pesa, Fuliza inachukua chake kwanza, unabaki ukitazama simu.

Sisemi unyamaze mtu akidhulumiwa. Mwajiri akikalia mshahara wako, mtaje, mshtaki. Imam Nawawi alitaja sababu sita zinazoruhusu kumsema mtu, na malalamiko ya aliyedhulumiwa ni mojawapo. Nani kalala kwa nani haimo.

Muziki na filamu ni mjadala mwingine, leo siuingii. Naongea kuhusu komenti. Nimetoka kwenye grupu mbili, na pale kibandani sasa naitwa "sheikh", kwa kejeli. Sawa tu.

Yule msichana nilimwandikia kumwomba radhi. Amesoma, hajajibu. Mwimbaji ndiye ananisumbua zaidi. Komenti nimeifuta, lakini watu walishaipiga skrinishoti, na yeye mwenyewe sijui nitampatia wapi.