Kabla Ununue Giaboksi, Chungulia Mafuta

Wasee, kuna video yangu moja mnaijua. Niko chini ya pikapu ya mjomba, pakingi ya fleti yetu hapa Kileleshwa, mikono imejaa mafuta mekundu, najigamba kuwa nimetengeneza giaboksi ya otomatiki kwa shilingi 4,300. Mliipenda sana. Leo nataka kusema kile video haikusema, juu kuna mtu imemuumiza.

Kwanza stori yenyewe. Mjomba hubeba mboga kutoka soko la Kangemi hadi hoteli kadhaa za Kilimani. Asubuhi moja akipanda mlima wa kutoka Riverside kuja huku kwetu, injini ikaanza kunguruma na gari haisongi. Akikanyaga zaidi, kelele inaongezeka, mwendo wapi. Fundi wa kwanza alizunguka gari mara moja, boneti hakufungua, akasema giaboksi imekufa. Atafute ingine iliyotumika kutoka Japani, laki moja na ishirini. Mjomba hakuwa na laki moja na ishirini. Alikuwa na watoto wawili sekondari na wateja wanaopiga simu saa kumi na moja asubuhi.

Sisi hatukuwa na ujanja wowote. Tuliuliza tu swali ambalo fundi hakuuliza: mafuta yako wapi?

Giaboksi ya otomatiki haina klachi ya mguu. Presha ya mafuta ndiyo inabana klachi za ndani ili nguvu ya injini ifike kwa magurudumu. Mafuta yakipungua, presha inashuka, klachi zinateleza. Kwa gari nyingi zenye kijiti cha kupimia, unafanya hivi: gari iwe mahali tambarare, injini imepata moto na bado inawaka, unakanyaga breki, unapitisha gia zote kutoka P hadi mwisho na kurudi P, halafu unachomoa kijiti. Mafuta mazuri ni mekundu. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, kuna uwezekano mkubwa klachi zimeungua. Hapo funga boneti, tafuta mtaalamu.

Yetu yalikuwa mekundu, lakini kijiti kilikuwa karibu kikavu. Kulala chini tukaona paipu ya mpira inayopeleka mafuta kwa radieta kupozwa imepasuka na inadondosha. Basi. Tulienda Grogan. Siku hizi kibao kinasema Barabara ya Kirinyaga, jina la yule mlowezi Ewart Grogan lilitolewa zamani, lakini midomoni halijatoka. Tukanunua paipu, klipu mbili, na mafuta ya aina ileile iliyoandikwa kwa kijiti. Tukaongeza kidogo kidogo, maana yakizidi yanatoa povu, na povu halina presha. Sasa pikapu inapanda ule mlima ikiwa imejaa sukuma wiki.

Mmeona nilichotengeneza? Paipu. Nikaandika "giaboksi" juu hilo neno linaleta watazamaji.

Wiki mbili baadaye kijana mmoja akanitumia ujumbe. Alifuata video yangu akamimina mafuta mekundu kama yetu kwa gari ya mamake. Hiyo gari ni CVT. Ndani ina mkanda wa chuma na puli mbili, na inataka mafuta yake tofauti kabisa. Sasa inalia na kutetemeka, na mamake ndiyo anaenda nayo kazini. Hakunitusi. Aliuliza tu, "Bro, sasa nifanyeje?" Nilimwambia asiiwashe tena, aivute hadi kwa mtu anayejua CVT, na amwambie ukweli wote. Sikulala vizuri.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: pakingi ya nyumbani ni mahali pa uchunguzi, si pa upasuaji. Kuangalia mafuta, kutafuta mahali yanavuja, kubadilisha paipu, kusoma kodi kwa skana, hizo jifunze. Kushusha giaboksi, wachana nayo. Ni chuma kizito kinachoweza kukuangukia kifuani, na ndani kuna valvu ndogo ambazo chembe ya mchanga inatosha kuzikwamisha. Hata ukiinua gari kidogo tu, jeki ni ya kuinua, stendi ndizo za kushikilia. Mawe usiyaamini.

Najua kuna watakaosema, "Mwachie fundi kazi yake." Sawa, lakini fundi mzuri haogopi swali. Gari nyingi zetu zimekuja zimetumika Japani, KEBS inakubali zisizozidi miaka 8, na kitabu chake, kama kipo, mara nyingi kimeandikwa Kijapani. Mara ya mwisho mafuta ya giaboksi kubadilishwa ni lini? Mwenye gari hajui, fundi hajui. Sasa kama wewe hujui hata kuchomoa kijiti, akibahatisha na pesa yako nani atamuuliza?

Na nyinyi wenye fleti, mnisikie. Siku ile soja alikuja mbio, "Kijana, hapa si gereji!" Namwelewa, ni sheria amepewa. Na sheria ina sababu: mafuta yakiingia mtaro yanaishia mtoni. Ndio maana tulitandika makatoni, tukaweka beseni, na yaliyodondoka tukayabeba kwa mtungi. Lakini zamani Kileleshwa ilikuwa nyumba za chini zenye kompaundi, mtu anafungua boneti yake bila kuomba ruhusa. Sasa tumepangwa ghorofa juu ya ghorofa, tuna jimu ambayo watu watatu wanatumia, na hakuna mita nne za saruji za kuangalia gari. Nafasi moja tu ingetosha.

Ile video nimebadilisha kichwa. Sasa inaitwa "Nilibadilisha Paipu." Watazamaji wamepungua, ni sawa.

Jumamosi hii, omba mzazi wako ruhusa, chomoeni kijiti pamoja, mniandikie hapo chini mmeona rangi gani. Na kama gari yenu haina kijiti, msimimine chochote. Ulizeni kwanza.