Siri ya mtungi si ya kila kata

Wahenga walituambia kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Hawakuota kwamba ingefika siku ambapo mtungi wenyewe ungenena, usiku na mchana, na mwenye mtungi akawa hajui ni nani anayeusikiliza. Mimi nimeishi hadi nikaiona siku hiyo hapa Dabaso, na kilichonifunza si kitabu bali ni maji ya chumvi.

Kwa wasiopajua, Dabaso iko kwenye njia itokayo Gede kuelekea Watamu, kando ya hori ya Mida. Ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe, na chini yake maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari mithili ya mafuta juu ya mchuzi. Ukiyateka kwa kiasi, yatadumu. Ukiyavuta kwa pupa, bahari hupanda na kuchukua mahali pake. Miongoni mwa sababu ambazo wataalamu huzitaja za kuhamwa kwa mji wa kale wa Gede katika karne ya 17 ni kupungua kwa maji visimani. Hivyo basi, mtu wa huku akisema kisima hasemi tu shimo lenye maji.

Kisima changu hutegemewa na nyumba kadhaa za jirani. Kijana mmoja niliyepata kumfunza, ambaye sasa yuko chuoni, alinihurumia aliponiona nikipanda ngazi kila asubuhi kuchungulia tangi. "Mwalimu," aliniambia, "tangi lako linaweza kukupigia ripoti." Akatia kifaa cha kupimia kina cha maji, akatia swichi kwenye pampu, na kwa fedha zisizozidi bei ya mbuzi nikawa ninaweza kuketi Malindi mjini, nikatazama simu, nikajua maji yamefika wapi, nikawasha pampu kwa kidole. Nilijivuna, sikatai. Nilileta hata wanafunzi wa darasa la nane wa zamani waje kustaajabu.

Hapa yanipasa nieleze kidogo, maana ndipo penye kiini cha maneno yangu. Vifaa vya namna hii havisemezani ana kwa ana. Kati yavyo kuna programu iliyo mfano wa tarishi wa ofisi. Tangi humpa tarishi habari, "nimejaa nusu", naye huipeleka kwa kila aliyejiandikisha kupokea habari za tangi. Simu humpa amri, "washa", naye huifikisha kwa pampu. Lugha wanayotumia huitwa MQTT, na ilibuniwa mwaka wa 1999 na Andy Stanford-Clark wa kampuni ya IBM pamoja na Arlen Nipper, ili kuchunguza mabomba ya mafuta kwa njia ya setilaiti. Ni lugha ya maneno machache, isiyokula umeme mwingi wala gharama kubwa ya mtandao, na kwa sababu hiyo yafaa sana kwetu sisi tunaohesabu kila shilingi. Ila tarishi huyo hana hulka ya kuuliza maswali. Asipoagizwa kumkagua mtu, humtumikia yeyote abishaye hodi.

Kumbe kijana wangu alikuwa amefuata somo la wanaoanza, akamtumia tarishi wa majaribio aliye ughaibuni, ambaye mlango wake u wazi kwa ulimwengu mzima. Wenye tarishi huyo hawakumdanganya mtu, kwani wameandika kinaganaga kwamba ni wa majaribio tu. Usiku mmoja nilipokuwa matangani Rabai, nyumba ikiwa tupu, mtu nisiyemjua akatuma neno lile moja, "washa". Pampu ikanguruma hadi alfajiri. Majirani waliisikia wakadhani nimerejea. Tangi likafurika, maji yakamwagika migombani, na kisima kikavutwa mpaka kikaiita bahari.

Bibi mmoja mkongwe ambaye sote twamwita Hawe ndiye aliyeniletea habari. "Mwalimu," alisema, "chai yangu leo imekataa sukari. Kisima chenu kimeoa bahari?" Sikuwa na jibu. Kwa majuma kadhaa yeye na wenzake walinunua maji ya mkokoteni, nami nilikuwa nikiona haya kupita mbele ya nyumba zao.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya bahati mbaya, na kwamba hakuna mwizi wa mitandao mwenye haja na pampu ya mwalimu mstaafu. Fikira hiyo ndiyo inayotuponza. Anayetafuta milango iliyo wazi si mtu apitaye kijijini akichagua nyumba. Ni mashine inayobisha kila mlango duniani bila kujali ni wa nani. Mwaka wa 2016 programu ovu iliyopewa jina la Mirai iliteka kamera na vifaa vingi vya majumbani kwa kujaribu tu maneno ya siri machache yaliyowekwa kiwandani, kisha ikavitumia kuangusha tovuti mashuhuri huko Marekani. Mwaka wa 2018 watafiti wa kampuni ya Avast walikuta matarishi wa MQTT zaidi ya 49,000 wakionekana wazi mtandaoni, na zaidi ya 32,000 kati yao hawakuwa na neno la siri lolote. Kwa tarishi wa namna hiyo, mgeni hahitaji ustadi. Hujiandikisha kwa alama moja tu, ile ya vijiti vinne vilivyopishana, naye huletewa kila kinachosemwa ndani ya nyumba: taa ya chumbani imezimwa saa ngapi, mlango haujafunguliwa tangu lini. Zifikirie nyumba za Watamu ambazo wenyewe huja mara moja kwa mwaka, na yule mlinzi atakayeulizwa yeye kwanza pindi kitu kikipotea.

Nilimwita kijana tukaanza upya, safari hii mimi nikiwa mwanafunzi. Tulichukua tarakilishi ndogo ya Raspberry Pi, tukaweka ndani yake tarishi aitwaye Mosquitto, ambaye hutolewa bila malipo (na jina hilo limewachekesha sana wajukuu wangu, wanaolala ndani ya chandarua). Tangu toleo lake la pili, lililotoka Desemba 2020, Mosquitto hukataa watu wa nje mpaka mwenye nyumba awaruhusu. Wa kabla yake hakuwa na adabu hiyo. Tukampa kila mmoja jina lake na neno lake la siri, tangi lake na pampu lake, wala si neno moja la kugawana kama kata ya pombe.

Nilidhani tumemaliza. Kijana akanionyesha jambo lililonishtua: neno la siri likipitia mlango wa kawaida, ule wa nambari 1883, husafiri uchi, na yeyote aliye njiani aweza kulisoma. Ni sawa na kutia kufuli kisha kuutangaza ufunguo sokoni. Kwa hiyo tukahamia mlango wa nambari 8883, ambako maneno yote husimbwa kama barua iliyotiwa lakiri, na tarishi huonyesha hati ya kuthibitisha kwamba ndiye yeye. Kisha tukaandika nani ana idhini ya kusema nini. Tangi laruhusiwa kutoa habari tu. Haliwezi kuiamrisha pampu hata likitekwa. Na pampu yenyewe tuliipa akili kidogo: ikishatimiza dakika 20 hujizima, liwe liwalo. Nami nikiwa mbali huingia kwa njia ya siri iliyosimbwa, bila kumfungulia tarishi mlango wa barabarani.

Kuna faida nyingine ya kuwa na tarishi wako nyumbani. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilizo chini ya bahari zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora kwa siku kadhaa. Aliyemweka tarishi wake ng'ambo alijikuta hawezi kuzima taa iliyo hatua tatu kutoka kitandani.

Sasa nageukia walimu wenzangu. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 31, yaihifadhi faragha ya kila mtu, nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikafuata. Lakini sheria haitamfunza mtoto kutia komeo. Nimehudhuria maonyesho ya shule ambapo mwanafunzi huwasha taa kwa simu, ukumbi mzima ukapiga makofi, akapewa alama zake akaketi. Hapana aliyemwuliza: na mimi je, naweza kuiwasha? Aghalabu jibu lingekuwa naam. Usalama huachwa kwa siku nyingine, na siku hiyo haiji, maana mwanafunzi akishapata alama huingia katika somo jingine, na kazi yake ya majaribio ikaenda kufungwa katika nyumba ya mtu, kama ilivyofungwa kwangu. Ninaomba jambo moja tu. Kazi ya namna hiyo isisahihishwe mpaka mwanafunzi amwite mwenzake, ampe simu, na darasa zima lishuhudie mgeni akikataliwa. Hilo halihitaji fedha wala kibali cha wizara.

Vijana wa hapa nimewapa ruhusa kwa maandishi: kila Jumamosi na waje wajaribu kuiwasha pampu yangu. Wamekuja mara nane. Mmoja alikaribia, kwa sababu niliacha neno langu la siri kwenye karatasi juu ya meza, na soda niliyoahidi nikamnunulia. Maji yamerudi kuwa matamu. Hawe, hata hivyo, huteka kidogo kwanza kwenye kiganja, akaonja, ndipo ajaze mtungi wake.