Mashine Usiiache, Okoa Meno

Hosteli wananiita rubani, kwa sababu nalala na barakoa usoni. Nacheka tu. Pumzi yangu hukatika nikiwa usingizini, na hiyo mashine ya kusukuma hewa ndiyo inayonifanya nikae macho darasani.

Kilichonishinda ni kinywa. Naamka ulimi umegandia juu, na meno mawili yakatoboka. Kumbe mate si maji tu: yanasafisha mabaki ya chakula na kupunguza makali ya asidi inayokula meno. Ukilala mdomo wazi hewa ikipita usiku kucha, kinga hiyo inakauka.

Basi nikaiacha mashine wiki mbili, tena wakati wa mazoezi ya kufundisha. Nikasinzia mbele ya kidato cha pili. Aibu gani hiyo!

Msimamo wangu: anayekupa mashine akueleze na habari ya meno. Asipokueleza, muulize. Barakoa ikae sawasawa, kitanki cha kutia hewa unyevu kitumike, pua iliyoziba itibiwe. Piga mswaki kwa dawa yenye floridi, na soda ya usiku tuachane nayo. Ukavu una dawa, jamani, mashine usiiache.