Tiki ya bluu si kipimo cha mapenzi

Joto la Muscat ni lile lile, ila leo nina dukuduku.

Huu mtindo wa "umesoma, mbona hujajibu?" unatumaliza. WhatsApp walileta tiki za bluu mwaka 2014, na tangu hapo kila mwenye mpenzi amekuwa hakimu. Juzi natoka zamu ya usiku, miguu imevimba, nakuta jumbe 23 za mume wangu kutoka Tanga. Wa kwanza "umefika kazini?" Wa mwisho "uko na nani?" Nilikuwa na wagonjwa, baba watoto!

Na msiseme "piga video tukuone". Hapa Oman simu za WhatsApp zimebanwa miaka mingi. Maandishi yanapita, sauti haipiti. Anayelijua hilo na bado ananuna, hatafuti mapenzi, anatafuta kesi.

Wengine wanadai nywila. Hiyo ni ndoa au mahabusu? Mwenye nia ya kudanganya atanunua laini ya pili tu.

Nasi wa huku tusijitie malaika. Mwenzio anakusimulia mtoto anaumwa, wewe unaperuzi Instagram, "mh, mh". Aibu!

Sisi tumekubaliana: ujumbe mmoja nikiingia zamu, mmoja nikitoka. Siku yangu ya mapumziko tunapigiana simu ya kawaida, vocha iishe, hakuna kuperuzi. Ugomvi hatuandikiani, tunaongea. Na tiki za bluu nimezizima.

Wenye ndoa za mbali, mnasemaje? Tupo pamoja.