Aiskrimu ya stroberi: mteja hununua sukari na hewa

Mfanyabiashara wa Karatu anayefikiria kutia mtaji kwenye friza ya aiskrimu hatakosa wanunuzi. Magari ya watalii waendao Ngorongoro hupita hapo hapo mjini. Shida itaanza akiinadi aiskrimu ya stroberi kuwa chakula cha kujenga mwili.

Gramu 100 za aiskrimu hiyo ya kawaida zina kilokalori 190 hivi, mafuta gramu 8 na wanga gramu 27, sehemu kubwa ikiwa sukari. Protini ni gramu 3 tu na kalsiamu miligramu 120. Maziwa ya ng'ombe, kwa uzito huo huo, yana protini na kalsiamu karibu sawa, kwa kilokalori 60 na ushei. Na tunda je? Stroberi mbichi zina vitamini C miligramu 59. Kwenye aiskrimu huwa kama 8, na pale palipotiwa rangi na ladha tu, hakuna cha kutaja.

Halafu kuna hewa inayoingizwa na mashine. Sheria ya Marekani hutaka lita moja isipungue gramu 540 hivi. Anayenunua kwa jumla aende na mizani.

Mtalii ale apendavyo, amekuja kustarehe. Anayepunjwa ni mzazi wa Karatu anayedhani anamnunulia mtoto maziwa. Mwenye mtaji mdogo afadhali aanze na maziwa baridi na mtindi. Aiskrimu ifuate, iuzwe kama kiburudisho.