Magari ya umeme: hasara ya Detroit na Wolfsburg inavyofika Kolwezi

Tangu miezi kadhaa vijana wa makutaniko yetu wanatuletea swali moja kwa namna mbalimbali. Wanasikia kwenye redio kwamba viwanda vikubwa vya magari huko Ulaya na Marekani vinapoteza pesa kwa sababu ya magari ya umeme. Wanasikia pia kwamba magari hayo hayatembei bila kobalti ya Kongo. Basi wanauliza: kama dunia nzima inahitaji kitu kilicho chini ya miguu yetu, kwa nini wao wapate hasara, na kwa nini sisi tusitajirike? Wengine swali lao ni la haraka zaidi: niende Kolwezi au nisiende?

Tuanze na viwanda. Kampuni kama Ford, General Motors na Volkswagen zilijengwa juu ya injini ya esanse na ya mazutu. Ujuzi wao, mashine zao, wafanyakazi wao, hata watu wanaowauzia vipuri, wote waliishi kwa injini hiyo. Gari la umeme halina injini hiyo, halina bomba la moshi, wala halibadilishwi oili ya injini. Sehemu yake inayokula pesa nyingi kuliko zote ni betri, na betri ya namna hiyo si kitu ambacho kampuni hizo zilijua kutengeneza. Kwa hiyo zinalipa mara mbili: zinajenga viwanda vipya, na hapo hapo zinatunza vya zamani, maana ni vya zamani vinavyoleta faida ya kulipia vipya.

Ford inatusaidia kuelewa, kwa sababu inatangaza hesabu ya magari yake ya umeme peke yake. Mwaka 2023 idara hiyo ilipoteza dola bilioni 4.7, na mwaka 2024 ikapoteza kama bilioni 5.1. Katika Desemba 2025 Ford ikasema inapunguza mipango yake, ikaingiza vitabuni gharama ya dola bilioni 19.5 hivi, na gari lake la mizigo F-150 Lightning la umeme mtupu likasimamishwa. General Motors nayo ilikwisha kutangaza mwezi wa Oktoba gharama ya bilioni 1.6 kwa sababu hiyo hiyo.

Siasa ilichangia. Mmarekani aliyenunua gari jipya la umeme aliweza kupunguziwa kodi hadi dola 7,500. Sheria iliyotiwa sahihi Julai 2025 ikaondoa msaada huo baada ya tarehe 30 Septemba. Kiwanda hupangwa kwa miaka kumi au zaidi. Serikali hubadilika baada ya miaka minne. Wakurugenzi waliojenga wakitegemea mkono wa serikali wakajikuta na majengo makubwa na wanunuzi wachache. Sisi Wakongomani tunajua vizuri maana ya kupanga kazi juu ya ahadi ya serikali, lakini inashangaza kidogo kuona Ford nayo imeingia katika shimo hilo.

Kwa Volkswagen shida kubwa iko China. Miaka mingi ndiyo ilikuwa ya kwanza kwa mauzo katika inchi hiyo, mpaka mwaka 2023 BYD ilipoipita. BYD ilianza mwaka 1995 ikitengeneza betri, halafu ikaja kwenye magari. Yaani ilipita njia kinyume na ya Wajerumani. Mwaka 2025 iliuza magari ya umeme mtupu zaidi ya milioni 2.2 na kuipita hata Tesla. Volkswagen, kwa upande wake, ilipatana na chama cha wafanyakazi katika Desemba 2024 kwamba nafasi za kazi zaidi ya 35,000 zitapunguzwa katika Ujerumani mpaka mwaka 2030.

Kutokana na habari hizi wengine wanatangaza kwamba gari la umeme limeshindwa. Hapana. Mwaka 2024 yaliuzwa zaidi ya milioni 17 duniani, pamoja na yale yenye betri ya kuchajiwa na injini ndogo ya esanse. Ni zaidi ya gari moja katika kila magari matano mapya. Norway ilikaribia tisa katika kumi. Hapa Afrika, Ethiopia ilikataza mwaka huo huo kuingiza magari ya esanse na mazutu. Kinachoanguka ni hesabu za kampuni fulani, siyo gari lenyewe.

Na Toyota, ambayo sisi wa Goma, Bukavu, Uvira na Bunia tunaijua kuliko nyingine yoyote? Kwa miaka mingi ilichekwa kwamba imechelewa. Ilishikilia magari yanayochanganya esanse na umeme, kama Prius iliyotoka mwaka 1997, na kwa umeme mtupu ikaenda polepole. Katika mwaka wa hesabu ulioisha Machi 2024 ilipata faida ya uendeshaji ya zaidi ya yen trilioni 5, ambayo haikuwahi kupata mbele. Waliocheka wamenyamaza kwa sasa. Kwa maoni yetu Toyota imenunua muda tu, kwa maana Wachina hawajaacha kushusha bei. Lakini muda nao ni mali.

Neno «wawekezaji» linaweza kutupotosha, tukadhani ni mabwana wachache wenye ndege zao. Tazameni habari ya Northvolt ya Sweden. Kampuni hiyo ilipaswa kuipa Ulaya betri zake yenyewe ili isitegemee China. Ilikusanya zaidi ya dola bilioni 10 katika mitaji na mikopo. Kiwanda chake cha Skellefteå, kaskazini kabisa ya Sweden, hakikuweza kutoa betri nzuri kwa wingi na kwa wakati. Katika 2024 BMW ikafuta oda kubwa ya euro bilioni 2. Tarehe 12 Machi 2025 Northvolt ikajitangaza kufilisika. Volkswagen ilikuwa mwenye hisa mkubwa kuliko wote, na benki ya Goldman Sachs ikimfuata. Lakini ndani yake kulikuwa pia na pesa za pensheni, kama za mfuko wa Denmark uitwao ATP. Hizo ni pesa za walimu, waganga na watumishi wa ofisi waliokatwa mshahara kidogo kidogo ili wale uzeeni. Pensheni yao haitakufa kwa hasara hiyo moja, kwa sababu mifuko hiyo hutawanya mali mahali pengi. Hata hivyo ni vema tujue kwamba upande ule pia kuna watu wadogo.

Sasa tufike kwetu, maana hapa ndipo vijana wetu wanadanganyika.

Si kila betri ya gari inahitaji kobalti. Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza imechanganywa nikeli, manganizi na kobalti. Inabeba nguvu nyingi katika uzito mdogo, lakini ni ya bei. Ya pili ni ya chuma na fosfati. Ni nzito kidogo, inadumu, ni rahisi kwa bei, na haina hata gramu moja ya kobalti. Wachina ndio walioiendeleza. BYD inaitumia, na Tesla iliitia katika magari ya bei ya chini yanayotengenezwa Shanghai tangu 2020. Kufikia 2024 betri hiyo ya pili ilikuwa imechukua karibu nusu ya soko la betri za magari duniani. Kwa hiyo Ford au Volkswagen inapotafuta namna ya kupunguza hasara, mahali pa kwanza inapotazama ni betri, na cha kwanza inachotaka kuondoa ndani ya betri ni kobalti. Hii ndiyo kamba inayounganisha Detroit na Kolwezi.

Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ya dunia, karibu yote kutoka Lualaba na Haut-Katanga. Mwanzoni mwa 2022 tani moja ilipita dola 80,000. Mwezi wa Februari 2025 ilikuwa imeshuka mpaka kama dola 21,500. Betri ya chuma ni sababu moja. Sababu nyingine ni kwamba kobalti hutoka pamoja na shaba. Shaba ikiwa na bei nzuri, kampuni huendelea kuchimba hata kama kobalti haina mnunuzi. CMOC ya China, yenye migodi ya Tenke Fungurume na Kisanfu, iliongeza kazi sana miaka hiyo na kuipita Glencore kama mtoaji wa kwanza wa kobalti duniani. Mali ikajaa sokoni.

Serikali ya Kinshasa ilijibu kwa nguvu. Tarehe 22 Februari 2025 ilifunga usafirishaji wote wa kobalti kwa miezi minne, ikaongeza mitatu, kisha kuanzia tarehe 16 Oktoba ikaweka vipimo: tani 18,125 kwa mwisho wa 2025, na tani 96,600 kwa kila mwaka wa 2026 na 2027. Bei ikapanda zaidi ya mara mbili. Tuseme wazi kwamba tunaona hatua hiyo ilikuwa ya haki. Mwenye shamba la mihogo naye haleti magunia yote sokoni siku ambayo hakuna mnunuzi. Lakini ina hatari yake. Bei ikipanda sana, kiwanda cha magari kitazidi kukimbilia betri ya chuma, na Indonesia, ambayo ni ya pili kwa kobalti, itauza nafasi yetu.

Nani anasikia bei inaposhuka? Tangu 2018 kobalti ni madini ya kimkakati, na kampuni inalipa asilimia 10 ya thamani yake. Kodi hiyo inagawanywa: 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta, usultani au komini ambako mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tufanye hesabu rahisi kwa bei ya metali. Tani ikiwa dola 80,000, kodi ni 8,000, na sehemu ya wenyeji ni 1,200. Tani ikiwa 21,500, kodi ni 2,150, na sehemu ya wenyeji inabaki dola 322. Zahanati iliyopangwa kwa hesabu ya kwanza haijengwi kwa hesabu ya pili. Na hapo hatujauliza kama hizo dola 322 zilifika.

Anayesikia upesi zaidi ni mchimbaji wa mikono, yule anayeitwa creuseur. Yeye hana mkataba. Depo ikishusha bei asubuhi, mchana amekwisha kuumia. Serikali iliunda kampuni ya EGC mwaka 2019 ili inunue kobalti yote ya wachimbaji hao kwa utaratibu, lakini kazi hiyo imekwenda polepole sana. Tarehe 15 Novemba 2025, katika mgodi wa Kalando huko Lualaba, daraja la wachimbaji lilianguka na watu wasiopungua 32 wakafa.

Jambo moja tulisahihishe, kwa sababu tumelisikia hata katika mahubiri. Koltani ya Rubaya siyo kobalti ya Kolwezi. Koltani inatoa tantalo, ambayo inaingia katika vifaa vidogo vya simu, kompyuta na mitambo mingine. Siyo madini ya betri ya gari. Anayesema kwamba vita vya Kivu ni vita vya magari ya umeme anachanganya majimbo mawili na madini mawili. Kwa wasomaji wetu wa Tanganyika, lililo karibu zaidi ni litiamu ya Manono. Hiyo inaingia katika betri zote mbili tulizoeleza, ile ya kobalti na ile ya chuma, na kwa hiyo ina kesho iliyo imara kuliko kobalti. Lakini bei yake nayo ilianguka zaidi ya asilimia 80 tangu kilele cha mwisho wa 2022, na mgodi huo umeshikwa miaka mingi na mabishano ya kampuni mahakamani.

Turudi kwa kijana aliyeuliza kama aende Kolwezi. Hatuwezi kumwambia kwamba kazi imekwisha huko. Shaba inachimbwa kwa nguvu, na gari la umeme linahitaji shaba nyingi kuliko la esanse. Lakini shaba hiyo inachimbwa na mashine kubwa za kampuni, zinazotafuta mafundi wa umeme, wachomeleaji, madereva wenye vyeti. Asiye na cheti ataingia shimoni. Basi kabla ya kuuza pikipiki ya baba yake ili apate nauli, ampigie simu mtu aliye huko na kumuuliza mambo mawili: kilo inanunuliwa bei gani wiki hii, na depo ngapi zimefunguliwa.