Kabureta Yasingiziwa

Kati ya Januari na Machi, joto la mchana Mombasa likifika nyuzi 32 au 33, magari ya zamani yaliyoongezwa nguvu huanza kuwaaibisha wenyewe. Gari limetoka Nyali likinguruma vizuri, limevuka daraja, limekatiza mji hadi kwenye foleni ya feri ya Likoni. Dakika 20 za kusogea hatua kwa hatua, injini inaanza kukohoa, inazima, inakataa kuwaka. Linasukumwa pembeni huku madereva wa nyuma wakipiga honi. Nusu saa baadaye linawaka kama halikuwa na neno. Kesi hii husikilizwa haraka mno katika gereji zetu: mshtakiwa ni kabureta, shahidi ni jua, hukumu ni kununua kabureta nyingine. Naona mshtakiwa huyu anasingiziwa. Mara nyingi kosa limo katika vitu vya bei ndogo vilivyotolewa siku ile gari lilipokuwa likitafutiwa mbio: bati la kukinga joto chini ya kabureta, kipande kinene cheusi kinachoitenga kabureta na manifoldi, na mpira unaorudisha petroli kwenye tangi.

Petroli haichemki kama maji, yote kwa kiwango kimoja. Ni mchanganyiko, na sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 au 40 hivi, nzito zikangoja hadi karibu 200. Sasa maji ya rejeta hufanya kazi kwenye nyuzi 85 hadi 95, na paipu za ekzosi huzidi hapo mara kadhaa. Maana yake ni kwamba chini ya boneti petroli hukaa jirani na jiko kila siku, na kinachoizuia isichemke ni upepo, feni, na petroli nyingine ya baridi inayoingia nyuma yake. Foleni inaondoa upepo. Kuzima injini ni kubaya zaidi, kwa sababu feni inasimama, maji hayazunguki tena, na joto lililojikusanya ndani ya chuma linapanda lote kwenye bakuli la kabureta. Ndiyo maana gari laweza kufika Mbaraki salama, likazimwa dakika 10 tu, kisha likagoma.

Hapo kuna maradhi mawili yanayofanana kwa sura lakini yanayotofautiana kwa dawa. La kwanza ni petroli kuchemka ndani ya bakuli lenyewe, ikafurika na kumwagika ndani ya injini. Utainusa ukifungua kichujio cha hewa, na plagi zitatoka zimelowa. La pili ni mvuke kujaa ndani ya paipu kabla petroli haijafika kwenye kabureta. Hapa plagi ni kavu na bakuli ni tupu. Hili la pili hulipenda sana gari lenye pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini, kwani pampu hiyo huvuta petroli kutoka tangini kwa kuinyonya, na kimiminika kinachonyonywa huchemka mapema kuliko kinachosukumwa. Pampu ya umeme iliyowekwa karibu na tangi inasukuma, na hiyo peke yake ni nusu ya tiba. Lakini ikiwa ina nguvu kupita kiasi italemea sindano ya kabureta na kuleta mafuriko yaleyale, na fundi ataapa kwamba ni joto. Yuko pia mdanganyifu wa tatu, koili ya umeme, ambayo nayo ikichoka huzima gari likiwa la moto na kulirudisha likipoa. Kwa hiyo gari likizima, la kwanza ni kutazama kama plagi inatoa cheche, mbali na mvuke wa petroli. Ukingoja lipoe ndipo upime, ushahidi wote umekwenda.

Wanaolitupia jua lawama wana neno, kwa sababu gari hilohilo halizimi usiku. Lakini tazama bodaboda. Pikipiki nyingi za abiria mjini humu zina kabureta, hushinda juani kutwa nzima, hutumia petroli ya vituo vilevile, na injini zake hupozwa kwa upepo tu. Kwa hesabu ya wanaolaumu jua, Mwembe Tayari ingejaa bodaboda zilizogoma kila adhuhuri. Hazigomi, na sababu iko wazi kwa macho: tangi liko juu ya kabureta, petroli inashuka kwa uzito wake bila kunyonywa, kabureta imekaa nyuma ya injini na ekzosi inatokea mbele, na kati ya kabureta na injini kuna kiungo kisichopitisha joto kwa urahisi. Jua ni lile, petroli ni ileile. Kilichobadilika ni mpangilio.

Magari ya mbio nayo yanashuhudia vivyo hivyo. Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 kwa Edgar Herrmann na 1973 kwa Shekhar Mehta ina injini ambayo kabureta na ekzosi ziko upande mmoja, moto chini, petroli juu. Ford Escort RS1600 aliyoshinda nayo Hannu Mikkola mwaka 1972 imezitenga, huku petroli, kule moshi. Mtu angetarajia Datsun ishindwe katika nchi ya joto, na bado ilishinda. Hata 240Z ya kawaida ilitoka kiwandani na bati lake la kukinga, vitenganishi vyake na paipu yake ya kurudisha petroli, kwa sababu waliolichora gari walijua wameweka chungu juu ya mafiga. Sasa angalia kinachotokea gari kama hilo likiongezwa nguvu. Kabureta za asili zinatolewa, zinafungwa Weber kubwa. Bati haliingii tena, linatupwa. Weber hizo hazina tundu la kurudisha petroli, basi mpira wa kurudisha unazibwa, na petroli iliyokuwa ikizunguka na kupoa sasa inasimama ndani ya paipu ikichomwa. Ekzosi mpya inafungwa tupu, bila chochote cha kuzuia joto lake. Gari limepata mbio na limepoteza kinga, kisha tunashangaa foleni ya feri inalishinda.

Wako wanaosema ni petroli imeharibika tangu kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilipoacha kusafisha mwaka 2013, na kila tone likawa linashushwa Kilindini likiwa tayari. Bodaboda zimekwisha kuwajibu. Wengine hununua petroli ya oktani ya juu, na hao wanatupa fedha: oktani hupima jinsi petroli inavyostahimili kubanwa bila kulipuka kabla ya wakati, haisemi lolote kuhusu inapochemka. Kuhusu kung'oa thamostati, tabia iliyozoeleka nchini kwa hoja kwamba nchi ya joto haihitaji kifaa cha nchi za baridi, naiona ni kujidanganya. Thamostati ikishafunguka imekwisha kutoa njia. Rejeta iliyoziba kwa kutu haizibuki kwa kung'oa thamostati. Tambara bichi juu ya pampu linasaidia, sikatai, ila kwa unyevu wa hewa ya pwani tambara hukauka polepole na kupoza kidogo, kama mtungi wa maji unavyoshindwa kupoza siku ya masika.

Pingamizi lenye uzito ni la wanaosema tuachane na kabureta, tufunge injekta. Ni kweli kwamba petroli iliyobanwa kwa shinikizo la injekta huchemka kwa shida zaidi, na kwa gari la kwenda kazini kila siku sina ubishi nao. Lakini joto halikuondoka kwa kubadilisha kifaa. Nissan yenyewe, watengenezaji wa Datsun ile, baada ya kuipa injini ya ukoo uleule injekta, ililazimika kuongeza katika 280ZX kifeni cha kuzipuliza injekta baada ya gari kuzimwa. Anayefunga injekta juu ya ekzosi isiyo na kinga amehamisha tatizo na kuliongezea nyaya, katika mji ambao hewa ya chumvi hula kila kiungo cha waya kisichozibwa vizuri.

Kinachokwamisha ni malipo. Mteja wetu hulipa kifaa kilichobadilishwa, halipi saa moja ya fundi kutazama, kunusa na kupima. Basi fundi mwenye watoto wa kulisha atabadilisha kifaa. Bati la kukinga joto linakatwa na mafundi wa jua kali kwa fedha kidogo, na halina faida ya kutosha mtu kulipendekeza. Ningependa mwenye gari aanze kuilipa ile saa, na kabla kabureta haijafunguliwa skrubu hata moja, amuulize fundi bati la zamani liko wapi. Huenda bado liko palepale gerejini, nyuma ya matairi mabovu.